Ofisi ya mbunifu wa bidhaa nyumbani Kisumu: panga saa kwanza, meza baadaye

Tafuta mtandaoni picha za ofisi ya nyumbani ya mbunifu na utaona meza nyeupe, mmea kwenye chungu, skrini mbili na dirisha linalotazama msitu wenye ukungu. Picha zenyewe zinapendeza. Hazikuambii lolote kuhusu chumba cha mtaa wa Nyamasaria chenye paa la mabati, ambacho saa tisa alasiri hakikaliki kwa joto, na saa kumi mvua ikishuka humsikii mteja hata akipaza sauti.

Mwongozo huu ni wa mtu anayebuni programu za simu, tovuti au menyu za USSD (zile za kupiga namba zinazoanza na nyota) akiwa nyumbani, awe Kisumu, Kakamega, Siaya au Homa Bay. Naandika nikiwa na Kisumu kichwani kwa sababu ndiko ninakofanyia kazi. Mji huu una ratiba yake ya mwanga, joto, radi na stima, na ratiba hiyo haikuulizi una mkutano saa ngapi. Ukishaijua, maswali ya meza ikae wapi, ununue nini na uchore saa ngapi yanajijibu kwa sehemu kubwa. Ndiyo maana hatuanzi na samani.

Hatua ya 1: Fuatilia jua kabla ya kusogeza kitu

Kisumu iko kusini kidogo tu mwa ikweta. Jua huchomoza na kutua kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja hivi, mwaka mzima, kwa hiyo utakachokiona wiki hii hakitabadilika sana.

Chukua ile selotepu ya karatasi wanayotumia wapaka rangi. Saa mbili asubuhi, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja, bandika kipande sakafuni pale ukingo wa mwanga wa jua ulipofika, na uandike saa juu yake. Rudia siku mbili tatu zisizo na mawingu. Mwishowe utaona sehemu ya chumba ambayo haiguswi na jua baada ya saa nane. Hapo ndipo meza inakaa, hata kama soketi iko upande mwingine. Waya wa ekstensheni utafika.

Dirisha la magharibi ndilo baya kuliko yote. Jua la alasiri liko chini, linaingia hadi ukuta wa pili, tena wakati ambao mabati yameshachemka. La mashariki lina adabu kidogo, kwani kufikia saa nne jua limeshapanda. Ya kutafuta ni ya kaskazini au kusini. Jua huegemea kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba, lakini hata miezi hiyo, saa sita mchana liko juu kiasi kwamba paa lililotokeza futi 2 linatosha kulizuia. Kama nyumba yako ina dirisha la magharibi sebuleni na la kaskazini chumbani, fikiria kuhamisha kitanda. Kitanda hakijali jua la saa kumi.

Keti dirisha likiwa ubavuni. Likiwa mbele yako, macho yatashindana na anga siku nzima. Likiwa nyuma, skrini itang'aa na mteja kwenye video ataona kivuli chenye masikio. Anayeandika kwa mkono wa kulia aliweke dirisha kushoto, ili kivuli cha mkono kisilale juu ya mchoro.

Neno moja kuhusu kuta. Nyumba nyingi za kupanga zimepakwa krimu juu na rangi ya mafuta chini, ya kahawia au ya kijani. Mwanga ukigonga ukuta wa kijani unarudi na ukijani wake, na jicho linadanganyika unapochagua rangi za skrini. Huna haja ya kugombana na mwenye nyumba. Karatasi mbili za manila nyeupe nyuma ya skrini zinamaliza shida hiyo. Na ile hali ya usiku inayofanya skrini iwe ya manjano, izime kabla hujagusa rangi yoyote.

Hatua ya 2: Nenda Kibuye na vipimo, si na picha

Soko la Kibuye lina mafundi wa mbao wa kila aina. Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko, kwa hiyo nenda siku ya kazi, fundi akiwa na nafasi ya kukusikiliza. Mafundi wetu hupima kwa futi na inchi: mwambie urefu futi 4 na nusu au 5, upana futi 2 na nusu, kimo inchi 28 au 29.

Kimo ndicho cha kubishania. Keti kwenye kiti utakachotumia, nyayo zikiwa chini zote, viwiko vimekunjwa pembe mraba, kisha mwombe mtu apime kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Hicho ndicho kimo cha meza yako, hata kikitoka inchi 26. Meza iliyozidi inchi mbili tu inainua mabega, na mabega yaliyoinuliwa kutwa nzima yanakuwa maumivu ya shingo ambayo watu huyasingizia mto wa kulalia.

Fundi atataka kuweka droo katikati. "Bosi, meza bila droo, siku ukitaka kuiuza nani ataichukua?" Hoja yake ina uzito, lakini droo ya katikati inagonga mapaja na kukulazimisha kukaa mbali na kazi yako. Mwambie aiweke ubavuni. Mwombe pia azungushe ukingo wa mbele kwa msasa, kwa sababu ukingo mkali unakata mkono pale unapoegemea, na atoboe tundu la waya nyuma. Ukichagua saiprasi, wekelea kiganja juu ya mbao. Ikiwa na ubaridi na nzito kuliko inavyoonekana, bado ina maji na itapinda nyumbani kwako.

Pesa kubwa iende kwenye kiti. Viti vya ofisi vya mtumba vinapatikana mjini, na vingi ni bora kuliko vipya vya bei hiyo hiyo. Kikalie dakika kumi huku mkiongea bei. Kikianza kushuka polepole, gesi yake imekwisha.

Laptopu iinue kwa vitabu au kwa kasha hadi ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho, umbali wa mkono ulionyooshwa, halafu tumia kibodi na kipanya vya pembeni. Hayo mengine ya skrini kubwa yatakuja baadaye.

Jambo ambalo picha za mtandaoni hazionyeshi: futi 2 za meza hiyo zibaki bila kifaa chochote cha umeme. Hapo ni pa karatasi, kalamu na simu za majaribio. Usiporuhusu karatasi iwe na makao, itaishia kwenye kochi, na wewe utaishia kuchora moja kwa moja kwenye kompyuta. Kwa nini hilo ni tatizo nitalieleza kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 3: Stima na radi

Hapa pana mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kukatika kwa stima kunakusimamisha kazi. Kurudi kwake, na radi, ndiko kunaunguza vifaa.

Tuanze na kukatika. Wengi hununua UPS, yaani betri ya akiba, ndogo ya VA 650 na kuchomeka kila kitu, kisha wanashangaa inazima kabla hawajamaliza mkutano. Hesabu yake ni hii: ndani ya UPS ya aina hiyo mara nyingi kuna betri ya volti 12 na amp-saa 7, yaani wati-saa 84 kwenye karatasi. Ukiondoa zinazopotea njiani, unabaki na nusu au zaidi kidogo. Laptopu na skrini ya inchi 24 pamoja hula wati 70 hadi 80, kwa hiyo una nusu saa hivi. Lakini laptopu ina betri yake! Iondoe kwenye UPS kabisa. Bakisha skrini, ambayo hula wati 25 hivi, ukiwa unaihitaji.

Rauta itafutie betri yake ndogo, ile inayotoa volti 12 moja kwa moja bila kupitia UPS. Rauta hula karibu wati 10 tu. Betri hizo si ghali, na zinashikilia intaneti kwa saa kadhaa. Soma kwanza maandishi kwenye adapta ya rauta yako: kuna za volti 12 na kuna za 9, na kuchomeka isiyofaa ni kuiua. Weka pia bando kwenye laini ya kampuni nyingine, siyo ile ile iliyokuletea faiba, kwa sababu mtambo wa kampuni ukilala, faiba yake na laini yake vinaweza kulala pamoja.

Jambo la Figma, programu ya kuchorea skrini inayotegemea mtandao. Faili ambalo tayari limefunguka litaendelea kufanya kazi mtandao ukipotea, na mabadiliko yatapanda ukirudi, mradi hukulifunga. Faili ambalo hukulifungua halitafunguka. Kwa hiyo anga likianza kuwa jeusi upande wa milima ya Nandi, fungua kila faili utakalolihitaji jioni hiyo na uliache wazi.

Sasa radi. Magharibi mwa Kenya ina ngurumo nyingi, na yeyote aliyekulia Kakamega au Kisii ana hadithi yake. Gadi ya soketi, ile inayosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu stima iliyorudi, inunue bila kusita. Inakinga dhidi ya mruko wa stima ikirudi. Haikingi dhidi ya radi iliyopiga karibu. Dawa ya radi ni kuchomoa. Ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi ngurumo isikike. Sauti huchukua sekunde 3 hivi kwa kilomita 1, kwa hiyo ukifika chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na hiyo ni karibu vya kutosha. Chomoa skrini, chaja, UPS na adapta ya rauta. Uzi wa faiba wenyewe ni kioo na haubebi stima. Hatari iko kwenye adapta. Endelea kwa betri za laptopu na rauta.

Panga soketi ziweze kuchomolewa kwa mkono mmoja bila kutambaa chini ya meza. Funga ekstensheni kwenye mguu wa meza kwa skrubu, ikikutazama. Usipofanya hivyo hutachomoa.

Kama tokeni zako huisha usiku wa manane, jizoeze kuangalia mita Ijumaa. Na matangazo ya kukatwa stima kwa matengenezo yanayotolewa na Kenya Power yaangalie mwanzoni mwa wiki. Mtaa wako ukitajwa, siku hiyo iwe ya kazi za nje, au ukafanyie kazi maktaba ya taifa tawi la Kisumu.

Hatua ya 4: Gawa siku kwa joto

Saa kumi na mbili na nusu hadi saa nne asubuhi ndiyo mali yako. Kuna baridi kidogo, mabati hayajalia, watoto wameenda shule, na jirani mwenye spika hajaamka. Hapo weka kazi ngumu: kuelewa tatizo, kuchora njia mpya, kuandika maneno ya skrini. Usifungue barua pepe. Usifungue WhatsApp ya timu. Wenye kuamini kwamba wao ni watu wa usiku wajaribu hili kwa wiki mbili wakiwa hapa, maana usiku wa Kisumu una mambo yake nitakayoyataja.

Saa nne hadi saa saba fanyia kazi kompyuta: safisha michoro ya asubuhi, jenga prototaipu (mfano wa kujaribia), jibu watu.

Mikutano ipangie saa tano hadi saa nane. Saa za mteja wa Nairobi ni sawa na zako. Mteja wa London yuko nyuma kwa saa 3 majira yao ya baridi na saa 2 majira ya joto, kwa hiyo asubuhi yake ya kuanza kazi inaangukia mchana wako wa mapema. Shida ni mteja wa New York. Saa tatu asubuhi kwake ni saa kumi jioni kwako, au saa kumi na moja kati ya Novemba na Machi, na huo ndio wakati mvua ya Kisumu inapenda kupiga. Upepo wa ziwa unasukuma unyevu kuelekea milimani, mawingu yanajijenga mchana kutwa, na alasiri yanashuka. Mwombe New York saa mbili usiku wako. Akikataa, tafuta chumba chenye dari ya bodi, tumia vipokea sauti vyenye maiki karibu na mdomo, na mwambie mapema: mvua ikianza nitaandika badala ya kusema. Wateja wengi huipenda hiyo, kwani mwishoni wanakuwa na maandishi ya mkutano.

Saa nane hadi saa kumi akili huwa uji. Usipigane nayo. Hapo fanya yale yasiyohitaji wazo: kupa tabaka za mchoro kwenye Figma majina, kupanga aikoni, kutoa picha kwa mhandisi, ankara. Au toka nje, kwa kazi ya hatua ya 6. Panka elekeza mwilini, na ukibandika karatasi ukutani bandika pembe nne zote.

Jioni, mtu anayefanya kazi na taa amekaribisha wageni. Mbu kwanza: malaria bado imekithiri ukanda huu wa ziwa, na mbu hujificha palepale chini ya meza penye miguu. Wavu wa dirisha, soksi, suruali ndefu. Kisha vijidudu vya ziwani. Kuna siku vinainuka juu ya maji kama moshi, na mitaa iliyo karibu na ziwa huvipokea vyote kwa wingi wake. Havikuumi, ila vinafuata mwanga, vinaingia kwenye tundu za feni ya laptopu na kulala kati ya vitufe vya kibodi. Jioni hiyo zima taa kubwa, funga dirisha, na kesho yake pitisha brashi laini ya kupakia rangi kwenye tundu za feni.

Macho nayo: kila dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Mwembe wa jirani unafaa.

Hatua ya 5: Karatasi kabla ya skrini

Kompyuta inafanya wazo bovu lionekane limekamilika. Kisanduku kimenyooka, herufi ni nzuri, kivuli kiko mahali pake, na wewe unaanza kulitetea kwa sababu ya sura yake. Kwenye karatasi wazo bovu linaonekana bovu, na unaliacha bila uchungu.

Kunja karatasi ya A4 mara tatu hadi upate visanduku 8. Weka saa ya simu kwenye dakika 8 na ujaze kila kisanduku kwa njia tofauti ya kutatua skrini ile ile. Viwili vitatu vya kwanza huwa ni vile ulivyoviona kwenye programu nyingine. Cha nne hukwama. Kuanzia cha tano mkono unalazimika kuuliza swali jipya: je, skrini hii inahitajika kweli? Je, mtu anaweza kupigiwa simu badala yake? Je, ujumbe mfupi unatosha? Mara kwa mara mchoro bora ni ule unaofuta skrini nzima.

Michoro ya wiki ibandike kwenye manila ukutani, kwa mpangilio ambao mtumiaji angeipitia, mlango hadi dirishani. Simama mbali. Mashimo utayaona ukiwa umesimama, hasa lile la "baada ya kubonyeza hapa, nini?"

Kisha nunua kaunta buku. Liwe la maamuzi, si la michoro. Kila uamuzi mkubwa andika tarehe, ulichoamua, kwa nini, na ni kitu gani kikijitokeza kitakufanya ubadilishe. Miezi sita baadaye bosi atauliza kwa nini kitufe cha kulipa kiko chini, na kila mtu kwenye simu atakuwa na kumbukumbu yake. Wewe utafungua ukurasa.

Mchoro usioonyeshwa mtu mwingine bado ni wa kwako peke yako, na mbunifu wa nyumbani anaweza kukaa siku nyingi bila jicho la pili. Tafuta mbunifu mwenzako mmoja, mpeane nusu saa kila wiki, kila mmoja akileta kitu ambacho hakijakamilika. Kikiwa kimekamilika mtasifiana tu.

Hatua ya 6: Sanduku la simu, kisha toka nje

Kasha la viatu linatosha. Ndani weka simu ya Android ya bei ya chini yenye kumbukumbu ndogo, iliyojaa picha na nyimbo kama simu za watu zilivyo. Moja yenye kioo kilichopasuka. Na kabambe ya vitufe. M-Pesa ilianza mwaka 2007 kwenye simu za aina hiyo ya mwisho, na hadi leo huduma nyingi hupitia USSD. Ujumbe mmoja wa USSD hauzidi herufi 182, nafasi zikihesabiwa, na kikao hukatika mtu akikawia. Hata kama bidhaa yako ni ya simu janja, jaribu kuandika hatua zake kuu kama menyu ya kabambe. Kisichoingia kwenye herufi 182 mara nyingi hakijaeleweka hata kwako.

Kila skrini ipeleke juani kabla ya kuipeleka kwa mteja. Simama nje saa saba mchana, mwangaza wa simu ukiwa nusu kama wanavyouweka wanaookoa chaji. Kijivu juu ya nyeupe kitapotea chote. Kiwango kinachotambulika ni uwiano wa 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake. Kichukulie kama chini kabisa. Vitufe navyo visipungue milimita 9 hivi, ambayo ndiyo dp 48 kwa kipimo cha skrini cha Android.

Halafu nenda kwa watu. Stendi ya Kondele, soko la Jubilee, ufuo wa Dunga: chagua pale watumiaji wako walipo. Nunua kitu kwanza. Subiri wateja wapungue. "Mama, habari ya mchana. Naomba dakika tano. Si wewe ninayekupima, ni hii simu." Kisha mpe simu, mwambie anachotakiwa kufanya kwa lugha yake ya kazi, na unyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu.

Hivi ndivyo inavyokuwa. Mama anayeuza omena anaandikisha mauzo kwenye programu ya kuweka hesabu. Anaishika simu kwa kiganja na kubonyeza kwa kifundo cha kidole cha shahada, kwa sababu ncha ya kidole ina magamba na unyevu na kioo hakiisikii. Anafika penye "Uzito (kg)". Anasimama. Anaigeuza simu kunielekea.

"Kilo? Mimi nauza gorogoro."

"Andika unavyoona ni sawa, mama."

"Gorogoro gani sasa? Hii ya kusawazisha, au hii?" Anachota na kuijaza hadi kilima kinasimama juu ya mkebe, kisha anatupa konzi nyingine juu. "Na hii ni nyongeza ya mteja wangu. Naandika wapi?"

Kuna mambo matatu hapo ambayo hakuna meza, hata iwe ya mvule, ingeyatoa: kidole kinavyobonyeza, kipimo kinachotumika, na nyongeza, ambayo ni gharama halisi ya biashara yake na haikuwa na kisanduku. Kwenye daftari andika alichofanya na alichosema, kwa maneno yake. Maoni yako yaandike ukifika nyumbani, kwa kalamu ya rangi nyingine, yasije yakachanganyika. Usimuulize kama ameipenda programu. Atasema ameipenda, wewe ni mgeni na umenunua omena.

Hatua ya 7: Ulichorekodi, kitunze

Sauti, picha na majina ya watu uliowajaribia yamo ndani ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Omba ruhusa kabla ya kurekodi, eleza utatumia kwa nini, na ukikataliwa tumia kalamu. Nyumbani, usiyaache kwenye simu ambayo mpwa wako huchezea gemu. Yahamishie kwenye laptopu yenye diski iliyofungwa kwa nenosiri, badilisha majina kuwa namba, na ufute sauti ukishaandika ulichohitaji. Skrini ya M-Pesa ya mtu usiipige picha kamwe.

Hatua ya 8: Watu wa nyumbani

Shangazi akija mjini kutoka shambani, anakukuta umekaa ndani saa nne asubuhi, kwa hiyo una nafasi ya kumpeleka hospitali. Huwezi kumtundikia kibao mlangoni. Mweleze kazi yako kwa mshahara na mwenye kazi: "Kuna mtu ananilipa nikae hapa mpaka saa saba, baada ya hapo ni mimi na wewe." Kisha heshimu hiyo saa saba. Ukiendelea hadi saa kumi, kesho hataamini tena, na hana kosa.

Mwenye kutumia meza hiyo hiyo kwa chakula cha jioni aweke kazi yote kwenye trei moja ya mbao. Inaondoka kwa mara moja, inarudi kwa mara moja.

Ukiwa na pesa kidogo

Nunua kwa mpangilio huu: kiti, betri ya rauta, gadi ya soketi, kibodi na kipanya, manila na kaunta buku, simu ya Android ya bei ya chini, wavu wa dirisha, halafu meza ya Kibuye. Meza ya kulia chakula itakusukuma miezi kadhaa ikiwa kiti kina kimo sahihi. Skrini kubwa inakuja baada ya hivyo vyote, na ukiinunua hakikisha ina waya wa stima unaochomoka kwa nyuma, maana ile yenye adapta ya ajabu ikiungua msimu wa radi utaitafuta mji mzima. Taa ya mviringo ya kupigia video iache dukani. Dirisha la ubavuni linafanya kazi hiyo bure hadi saa kumi na mbili.